Damu Inaposhuhudia: Kipimo cha Ulevi, Mahakama na Dhamiri

Katika sharika zetu liko swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya ibada, wengine wakiwa wamekwisha kutoka. Mtu ameshtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Damu yake ilichukuliwa hospitalini, na jibu la maabara linaonesha kiwango kilichozidi sheria. Wakili amemwambia kwamba kipimo kile kina kasoro, na kwamba kesi inaweza kuisha kwa yeye kuachiwa huru. Ndipo anauliza: Je, Mkristo anaruhusiwa kujitetea hivyo? Au anapaswa kukiri tu na kupokea adhabu?

Swali hili si la madereva peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na pombe imo miongoni mwa visababishi vikubwa. Hakuna usharika ambao haujazika mtu wa namna hiyo, na katika sharika nyingi aliyekufa na aliyekuwa kwenye usukani walikuwa wakiketi katika mabenchi ya kanisa moja. Kwa hiyo tunataka kulijibu kwa utaratibu. Kwanza tuone kipimo chenyewe ni nini, kisha mahakama inakitumiaje, na mwisho Neno la Mungu linatudai nini.

KIPIMO KINAPIMA NINI

Pombe haisubiri kumeng'enywa kama ugali. Sehemu yake hupenya kwenye kuta za tumbo, na sehemu kubwa zaidi hupenya kwenye utumbo mwembamba, ikaingia moja kwa moja katika damu. Mtu aliyekunywa bila kula hufikia kilele mapema, pengine baada ya nusu saa. Aliyeshiba huchelewa hata saa moja au mbili. Baada ya hapo ini huiondoa pole pole. Kwa wastani damu hupungukiwa na miligramu 15 za pombe katika kila mililita 100 kwa saa moja. Wengine hupungukiwa na 10, wengine na 20 au zaidi kidogo. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi, wala kupunga upepo dirishani.

Hesabu yake ni rahisi, na ingefaa kila anayeshika usukani aijue. Aliyefikia miligramu 150 saa sita usiku kwenye sherehe ya kipaimara, saa moja asubuhi kengele ya ibada ya kwanza inapolia bado ana kama 45 katika damu. Amelala, amepiga mswaki, amevaa suti, anajiona mzima. Lakini damu yake bado haijamaliza sherehe.

Mtu aliyeweka msingi wa hesabu hizi alikuwa mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1932. Mwaka 1936 Norwei ikawa nchi ya kwanza kuweka katika sheria kiwango cha namba ambacho dereva hatakiwi kukivuka. Uingereza ilifuata mwaka 1967 kwa kiwango cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na hicho ndicho kiwango cha jumla kinachojulikana hapa kwetu Tanzania pia. Kifaa cha kupima pumzi, ambacho trafiki humpa dereva akipulize, kilitengenezwa na Mmarekani Robert Borkenstein mwaka 1954.

Kabla ya vifaa hivi, shahidi mkuu alikuwa pua ya askari. Mtu ananuka pombe, macho yake ni mekundu, hawezi kutembea juu ya mstari, basi amelewa. Lakini mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, huongea kwa kukokota maneno na huyumba. Dereva wa lori aliyekesha siku mbili ana macho mekundu. Na aliyemwagiwa bia nguoni hunuka kuliko aliyeinywa. Maskini asiye na mtu wa kumsemea alikuwa katika hatari kubwa kuliko wote, kwa maana neno lake lilipimwa dhidi ya neno la askari. Kwa hiyo tusikione kipimo kama mtego uliotegewa madereva. Kimewafunga wengi waliostahili, na kimewaokoa wengi waliosingiziwa.

SHAHIDI HUYU NAYE HUULIZWA

Hata hivyo kipimo ni shahidi, na Maandiko hayakubali shahidi ambaye haulizwi. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inaagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, na kwamba waamuzi wachunguze kwa bidii kama shahidi anasema kweli. Mungu aliyetoa agizo hilo aliwajua watu wake. Alijua kwamba hasira ya jamii juu ya kosa baya huweza kumpeleka mtu asiye na hatia jiweni.

Je, damu yaweza kusema uongo? Damu yenyewe haisemi uongo, lakini safari yake kutoka mkononi mwa mshtakiwa hadi mezani kwa hakimu ni ndefu. Muuguzi akisafisha ngozi kwa spiriti badala ya dawa isiyo na kilevi, sampuli inaweza kuchafuka. Chupa isipokuwa na dawa ya kuhifadhi, vijidudu vinaweza kutengeneza pombe humo humo ndani, hasa mahali penye joto. Hospitali ikipima maji ya damu badala ya damu nzima, namba hutoka juu zaidi, pengine kwa sehemu moja ya kumi au kupita. Lebo zikibadilishana, mtu anabeba ulevi wa mwenzake. Kifaa cha pumzi nacho hukadiria damu kwa uwiano mmoja kwa watu wote, ilhali watu hawalingani. Na aliyekunywa au kucheua dakika chache kabla ya kupuliza huonesha pombe ya mdomoni, si ya damuni. Ndiyo sababu utaratibu mzuri hutaka asubiriwe kama robo saa.

Liko pia suala la muda. Sheria inauliza mtu alikuwa na kiasi gani alipokuwa akiendesha, lakini damu huchukuliwa baadaye. Aliyekunywa haraka na kuondoka huenda alikuwa chini ya kiwango barabarani na juu ya kiwango hospitalini, kwa kuwa pombe ilikuwa bado inapanda. Na aliyepimwa baada ya saa nne huenda akaonesha namba ndogo kuliko ile aliyokuwa nayo alipogonga. Wataalamu hurudi nyuma kwa hesabu, lakini hesabu hiyo inategemea alikunywa lini, alikula nini, na ini lake lina kasi gani.

Mahakama za Marekani zimebishana juu ya mambo haya kwa muda mrefu, na kesi zake mbili zinatufaa hapa kwa sababu zinagusa maswali ambayo hata mchungaji huulizwa.

Ya kwanza iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1966. Dereva aitwaye Schmerber aligonga mti huko California, akapelekwa hospitali. Askari alisikia harufu ya pombe, akamwagiza daktari atoe damu. Schmerber, kwa ushauri wa wakili wake, alikataa. Damu ilichukuliwa hata hivyo, na ikamtia hatiani. Alilalamika kwamba amelazimishwa kujishuhudia mwenyewe, jambo ambalo Katiba ya nchi yake inalikataza. Majaji watano dhidi ya wanne walimkatalia. Walisema kwamba Katiba inaulinda mdomo wa mtu usilazimishwe kusema, lakini damu yake si usemi wake. Wale wanne waliona vingine, na mmoja wao alishangaa inakuwaje damu itolewe ili imshuhudie mtu halafu iambiwe kwamba si ushuhuda.

Ya pili ni ya mwaka 2011. Mtu aitwaye Bullcoming aligonga gari lililokuwa mbele yake huko New Mexico. Damu yake ilionesha miligramu 210, mbali kabisa juu ya kiwango. Lakini mtaalamu aliyeipima hakuletwa mahakamani. Alikuwa amewekwa likizo bila malipo, na sababu haikuelezwa. Upande wa mashtaka ulimleta mtaalamu mwingine, aeleze karatasi ya mwenzake. Mahakama ya Juu, tena kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema haitoshi. Mshtakiwa ana haki ya kumhoji yule yule aliyetia sahihi, kwa sababu karatasi haiulizwi maswali.

Wengine watasema, miligramu 210, kuna haja gani ya maswali? Hapo ndipo Kumbukumbu la Torati linapotusaidia. Haki ya kumhoji shahidi haikuwekwa kwa ajili ya kesi ngumu tu. Ikiondolewa pale tunapojiona tuna uhakika, haitakuwepo siku tutakapokuwa tumekosea.

SHERIA MBILI ZINAZOFANANA

Inafaa pia tujue kwamba sheria huweza kumshtaki dereva kwa njia mbili. Moja inasema: ulikuwa umelewa kiasi cha kutoweza kulimudu gari. Nyingine inasema: ulikuwa na pombe iliyozidi namba fulani, hata kama uliendesha vizuri. Katika shtaka la kwanza kipimo cha damu ni msaada tu; inatakiwa kuoneshwa kwamba dereva hakuweza kulimudu gari. Katika shtaka la pili kipimo ndiyo kesi yenyewe, na kikianguka kesi inaanguka.

Majirani zetu Kenya waliliona hilo mwaka 2017, pale Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba kanuni za kifaa cha pumzi kijulikanacho kama Alcoblow hazikupatana na Sheria ya Trafiki. Sheria ilizungumzia dereva asiyeweza kulimudu gari, wakati kanuni zilimtia hatiani kwa namba peke yake. Mahakama haikusema kwamba ni salama kunywa na kuendesha. Ilisema tu kwamba kanuni haiwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haikuliunda. Mtu akisikia uamuzi kama huo na kusema, "Basi sasa tunaruhusiwa," amesikia nusu, tena nusu isiyofaa.

UZIO NA KIOO

Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba Sheria ya Mungu ina kazi zaidi ya moja. Kazi ya kwanza ni ya uzio: inazuia maovu yasienee, ili watu waweze kuishi pamoja, hata wasioamini. Kazi hiyo Mungu huifanya kwa mikono ya serikali, mahakama na trafiki, kama Warumi 13 inavyofundisha. Kazi nyingine ni ya kioo: inatuonesha sura yetu halisi mbele za Mungu, tukimbilie kwa Kristo. Uzio unaangalia matendo ya nje, hauwezi kuingia moyoni. Kioo kinaingia.

Neno letu katika insha hii ni hili: kipimo cha ulevi ni uzio, si kioo. Ni uzio mzuri, tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini makosa mengi tunayoyafanya juu ya jambo hili yanatokana na kuutazama uzio kana kwamba ni kioo.

Mshtakiwa hukosea hivyo anapoachiwa huru kwa sababu sampuli ilikosa lebo, akarudi nyumbani akisema, "Nimeonekana sina hatia." Mahakama haikusema hivyo. Ilisema kwamba hatia haikuthibitishwa pasipo kuacha shaka. Hilo ni jibu la swali la serikali. Swali la Mungu bado liko mezani, na wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Washarika hukosea hivyo wanaposikia mwenzao amekamatwa, wakamhukumu kabla ya hakimu, wakamwondoa kwenye kamati na kumpita pembeni mlangoni mwa kanisa. Amri ya nane, kama Luther anavyoieleza katika Katekisimo Ndogo, inatutaka tumtetee jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Kukamatwa si kukutwa na hatia.

Na tunakosea hivyo sote tunapokuwa chini ya kiwango. Dereva anapuliza, kifaa kinasoma 60, anaruhusiwa kwenda, naye anaona amepewa cheti cha usafi. Lakini utafiti uliofanywa na Borkenstein na wenzake huko Grand Rapids, Marekani, uliochapishwa mwaka 1964, ulionesha kwamba hatari ya ajali huanza kupanda kabla ya kufika 80, kisha hupaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi 50, na kwa madereva vijana 20. Namba iliyo katika sheria haikuchorwa mahali ambapo hatari inaanzia. Ilichorwa mahali ambapo serikali imeamua kuanza kuadhibu.

JE, MKRISTO AKANE SHTAKA?

Turudi kwa yule anayetuuliza baada ya ibada. Tunamjibu kwa kutofautisha mambo.

Kukana shtaka mahakamani peke yake si uongo. Katika lugha ya mahakama, kusema "si kweli" shtaka linaposomwa ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe. Mzigo wa kuthibitisha ni wao. Mkristo anayekaa kimya na kuacha shahidi ahojiwe hajavunja amri ya nane. Paulo mwenyewe alidai haki zake kama raia wa Rumi, akakata rufani kwa Kaisari.

Lakini akipanda kizimbani, akaapa, kisha akasema hakunywa ilhali alikunywa, huo ni uongo, na amemwita Mungu aushuhudie. Akimpanga rafiki aseme kwamba ndiye aliyekuwa anaendesha, amemvuta na mwenzake dhambini. Hapa hakuna mjadala.

Tutofautishe pia kasoro na kasoro. Ziko zinazogusa ukweli: damu ilikaa juani siku mbili, dawa haikuwemo, huenda sampuli si yangu, huenda nilikuwa chini ya kiwango nilipoendesha. Mtu anayezitumia hizo anaisaidia mahakama kuujua ukweli, na atetee kwa dhamiri njema. Ziko nyingine zisizogusa ukweli hata kidogo: jina limekosewa herufi moja, karatasi imechelewa siku moja, na yeye mwenyewe anajua fika kwamba namba ile ni ya haki. Sheria inampa hizo pia, kwa sababu nzuri, maana dola isiyofuata taratibu zake humwonea kila mtu. Hatusemi ametenda uhalifu akizitumia. Tunasema kwamba aliyezitumia hizo, tena kuna mtu aliyekufa, asidhani ameyamaliza. Ameahirisha hesabu tu, na atakayeidai hana haja ya maabara.

Na mtu akituuliza tungependa afanye nini, tutasema wazi: anayejua kwamba alikuwa amelewa, na kwamba jirani yake amelala kaburini au kitandani kwa ajili hiyo, njia iliyonyooka ni kukiri. Hatuiweki kama bei ya ondoleo la dhambi. Ondoleo halinunuliwi kwa kifungo. Limekwisha kulipiwa na Kristo. Lakini toba ya kweli huzaa matunda, na Zakayo hakungoja hukumu ya mahakama ndipo arudishe mara nne.

Tena kuna utetezi mwingine unaotumika kuliko wote, nao haufiki mahakamani. Ni ule wa kushuka ndani ya gari, kusogea pembeni na askari, na "kuyamaliza hapa hapa". Hapo hakuna kipimo, hakuna sampuli, hakuna faili. Wapo Wakristo wanaotetemeka kuhusu kumhoji shahidi wa maabara mbele ya hakimu, ambao hawakosi usingizi kwa kumziba shahidi mdomo barabarani kwa noti. Kutoka sura ya 23 inasema rushwa hupofusha macho ya waonao. Aliyelewa akiruhusiwa kuendelea na safari kwa shilingi zake, kila atakayekutana naye mbele amehatarishwa na watu wawili.

MSIBANI

Jambo zito kuliko yote ni jirani aliyeumia. Katika kesi anakuwa shahidi, au jina katika hati ya mashtaka. Katika Maandiko yeye ndiye mwenye swali. Mungu alimwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake inamlilia kutoka ardhini. Kwa hiyo ziko damu mbili katika habari hizi. Moja iko kwenye chupa, na mawakili wanaweza kubishana juu yake. Nyingine ilimwagika juu ya lami, na Mungu anaisikia bila kipimo.

Hapa mshtakiwa hukutana na ugumu wa kweli. Wakili humwambia: usiende msibani, usimwombe msamaha mtu yeyote, maana maneno yako yatageuzwa kuwa ushahidi. Kisheria ushauri huo una maana yake. Lakini kwetu mtu asiyefika msibani amesema jambo, na aliyesababisha msiba asipofika amesema kubwa zaidi. Mjane anakaa kwenye mkeka akihesabu waliokuja, na jina moja halimo. Tumeona familia ambazo zilivumilia kifo, zikashindwa kuuvumilia ukimya.

Tufanyeje? Tunadhani usharika unaweza kusimama katika nafasi hiyo. Wazee wa kanisa na ndugu wa mshtakiwa wanaweza kwenda, wakapeleka rambirambi na unga na kuni, wakakaa chini pamoja na wafiwa. Hawaendi kueleza ajali ilivyotokea, wala kuomba kesi ifutwe. Kwenda na fedha ili mashahidi wasitokee ni kuongeza jeraha. Wanakwenda kulia na waliao. Wanaweza kusema kwamba mwenzao yupo, hajawasahau, na siku itafika atakuja mwenyewe.

Na siku hiyo lazima ifike. Ushauri wa wakili una mwisho wake. Kesi ikiisha, umeisha. Akiwa ametiwa hatiani au ameachiwa huru, aende. Asiende kujieleza. Aende kusema, "Nilikunywa, nikashika usukani, na mpendwa wenu amekufa. Nimewakosea." Kama wataupokea au watamfukuza, hilo si lake kuliamua. Na kama mtoto amebaki bila mlipaji wa ada, Zakayo ameshatuonesha njia. Daudi naye, katika habari ya Uria, hakuwa na mahakama ya kumshtaki, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mahakama. Alihitaji Nathani. Mchungaji na wazee wawe tayari kuwa Nathani, tena wawe Nathani wanaobaki chumbani baada ya kusema, walete na neno la ondoleo.

Mchungaji anayepokea maungamo haendi kuyapeleka polisi. Siri ya maungamo haitolewi. Lakini haimfungi kumwambia aliyeungama, kwa upole na bila kuzunguka: sasa, mke wa marehemu anaishi mtaa ule, lini utakwenda?

KABLA YA KIPIMO

Katika sheria ya Musa, Kutoka sura ya 21, iko habari ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga pembe. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikwisha kuonywa na hakumfunga, hatia ni yake. Na Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta kando ya dari, mtu asianguke. Sheria hizo hazingoji damu imwagike ndipo ziulize maswali. Zinauliza juu ya kile ambacho mtu alikijua mapema. Sisi tumeonywa. Tunamjua ng'ombe huyu. Kosa la dereva mlevi halianzi pale gari linapoacha njia. Linaanza saa nne au tano nyuma, alipoketi kunywa na ufunguo uko mfukoni, bila mpango wa namna ya kurudi.

Kwa hiyo kazi kubwa ya usharika iko kabla ya kipimo. Sherehe zetu nyingi za kipaimara, za ndoa na za Krismasi zina bia na mbege, na hatutajifanya hatuoni. Basi kamati ya sherehe inayopanga chakula, mapambo na muziki ipange pia nani ataendesha watu kurudi, na huyo asiguse kinywaji. Mwenye nyumba asione haya kushika funguo za mgeni na kumtandikia mkeka alale. Baba akimwambia kijana wake wa bodaboda, "Leo utalala huku," hajamdhalilisha. Na mwenye kuona mwenzake anayumba kuelekea kwenye gari asiseme hayamhusu. Amri ya tano, kama Luther anavyotufundisha, haikomei kwenye kutoua, bali inatutaka tumsaidie jirani katika kila hatari ya mwili wake.

Na kwa yule anayetuuliza baada ya ibada, jibu letu kwa kifupi ni hili. Mahakamani, una haki ya kumhoji shahidi aliye katika chupa. Ihoji kwa ukweli, bila kiapo cha uongo na bila rushwa. Mbele za Mungu, usiipeleke hoja ya chupa. Peleka mwenyewe ulichokifanya, maana yuko mmoja ambaye damu yake nayo inashuhudia, na Waraka kwa Waebrania unasema hunena mema kuliko ile ya Habili. Kisha uinuke, uende kwa jirani yako.

Bwana atupe kiasi, atupe ukweli, na awafariji wote waliopoteza wapendwa wao barabarani. Amina.